Dhahabu ya Mavuno Mawili: Vinara wa Mvinyo, Kutoka Mwadui Hadi Dodoma na Duniani

Mtoto wa Shinyanga hukua akihesabu vinara. Anasimuliwa Mwadui, ambako Dk. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua mwaka 1940 chanzo cha almasi chenye eneo la hekta 146, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. Anasimuliwa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5 lililopatikana hapo mwaka 1947, ambalo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi, likakatwa likabaki karati 23.6. Akikua kidogo anasikia habari za Bulyanhulu, mgodi ambao shimo lake limeteremka zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, na za mgodi mkubwa wa Geita unaotoa dhahabu tangu mwaka 2000.

Kwa hiyo nilipokwenda Dodoma kuzunguka mashamba ya zabibu na kujifunza mvinyo unavyotengenezwa, maswali yangu yalikuwa ya nyumbani. Upi ni mkongwe kuliko yote? Upi ghali? Wapi ni kugumu zaidi, na wapi ni kwa hatari zaidi? Orodha hii ndiyo niliyorudi nayo. Nimeiandika nikiwafikiria watu wa Geita, Kahama na Shinyanga, kwa sababu naamini mchimbaji ana jicho la kuuelewa mvinyo kuliko anavyodhani. Na kwa msomaji asiyekunywa pombe, iwe kwa imani yake au kwa uamuzi wake, safari hii ni yake pia: elimu ya mzabibu haihitaji glasi.

Dhahabu ya kwanza iko njiani

Kutoka Shinyanga hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 500: Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, kisha Bahi. Kati ya Igunga na Singida basi hupanda mlima Sekenke, na abiria wengi huwa wamelala. Wanapitwa na historia. Sekenke ndiko Wajerumani walikoanza kuchimba dhahabu mwaka 1909, miongo mingi kabla ya jina la Geita kusikika nje ya nchi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoitenga koloni na Ulaya, dhahabu ya huko ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 zikagongwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo wakusanya sarafu duniani huzitafuta kwa bei kubwa.

Ninaitaja Sekenke kwa sababu itatusaidia mbele. Ni dhahabu iliyotoka ikaenda zake, na mlima ukabaki mlima.

Kinara wa mavuno: mara mbili kwa mwaka

Rekodi ya kwanza ya Dodoma haiko kwenye chupa, iko kwenye kalenda. Huko Ulaya mzabibu huvunwa mara moja kwa mwaka. Baridi ikiingia majani hupukutika, mti hulala, na mkulima hungoja hadi joto lirudi. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na baridi ya kuulaza mti hakuna. Mzabibu wa hapa huamshwa kwa mkasi. Mkulima akipogolea, mti hutoa machipukizi, maua, kisha vishada, na baada ya miezi kama minne zabibu zimeiva. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili: msimu mkuu ni Agosti na Septemba, mwingine huangukia Februari na Machi.

Mavuno haya mawili si mapacha. Yale ya kiangazi hukutana na jua kali na anga kavu. Sukari hupanda na maganda hukaza. Yale ya masika hukutana na mvua. Tunda hunywa maji, utamu hupungua, na magonjwa ya ukungu ambayo wakulima huyaita ubwiri huingia kwenye majani. Mkulima hulipia dawa zaidi apate zabibu zenye sukari pungufu. Mvua tunayoiombea sisi kwa pamba na mahindi, kwenye mzabibu uliokaribia kuiva huleta hasara.

Nilisimama katika mistari ya shamba moja asubuhi, baada ya salamu ya Kigogo, mbukwa, na maelekezo marefu ya baba mwenye shamba. Alikata tawi lenye unene wa kidole, akaniambia nitazame bila kusogea. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha pale kwenye jeraha likajitokeza tone la maji safi, likakua, likadondoka, likafuata jingine. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu na udongo ulikuwa mwekundu kama wa kwetu, lakini mti ule ulikuwa na maji ya kumwaga. Kwa mkulima lile ndilo jibu analolingoja: mizizi iko kazini, na machipukizi yanakuja.

Kinara wa ukongwe nchini: altare ya Bihawana

Mzabibu haukuletwa Dodoma kwa ajili ya sherehe. Ulikuja kwa ajili ya misa. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya altareni iwe ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, na kuagiza divai kutoka ng'ambo hadi katikati ya Tanganyika ilikuwa kazi na gharama. Mapadre Wamisionari wa Kiitaliano walitazama jua na udongo wa misheni ya Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, wakapanda. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1957.

Kutoka kwenye bustani ile ya misheni kilimo kilisambaa Mpunguzi, Mvumi, Hombolo na Chamwino, ambako wakulima wa Chinangali walilima shamba la pamoja la umwagiliaji wa matone. Serikali ikaweka kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, na jina la Makutupora likapewa zabibu nyekundu ambayo leo ndiyo utambulisho wa mkoa. Nyeupe inayoongoza ni Chenin Blanc. Pale Hombolo kiwanda cha CETAWICO, chenye asili ya Kiitaliano, kilileta pia mbegu nyingine, zikiwemo Syrah na Aglianico. Ukikaa na wakulima utasikia wakizitaja aina hizi kama mfugaji wa Kisukuma anavyotaja rangi za ng'ombe wake.

Kinara wa kufanana: karasha na mwalo

Hapa ndipo mchimbaji atatabasamu. Anayejua safari ya jiwe kutoka duarani, yaani ndani ya shimo la machimbo, hadi dukani kwa mnunuzi tayari anaijua nusu ya kazi ya kiwanda cha mvinyo.

Zabibu hufika kiwandani ndani ya kreti, alfajiri au jioni, kwa sababu jua la mchana huanza kuzichachusha kabla ya wakati. Hupimwa uzito, kisha hupimwa sukari. Mtaalamu hukamua tone la maji ya zabibu juu ya kioo cha kipimo kidogo kama darubini, akalielekeza kwenye mwanga na kusoma namba. Namba ikifika 22, maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za maji yale, gramu 22 hivi ni sukari. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo zabibu hizo zitatoa mvinyo wa asilimia 12 au 13. Kipimo hiki kina uzito uleule wa ile sampuli ya jiwe tunayoisaga na kuiosha ili kujua kama mwamba unalipa. Mkulima husimama pembeni akitazama uso wa mpimaji. Nimeuona mkao ule mara nyingi kwenye mialo yetu ya kuoshea dhahabu.

Kisha zabibu huingia kwenye mashine ya kuponda. Kazi yake ni kama ya karasha, ila karasha letu husaga mawe yawe unga, na hii imetengenezwa isisage kupita kiasi. Inapasua tunda, inatenga vikonyo, na inajitahidi kuziacha mbegu nzima, kwa kuwa mbegu ikivunjika hutoa uchungu usioondoka.

Baada ya hapo njia hugawanyika. Kwa mvinyo mweupe, maji hukamuliwa mara moja na maganda kutengwa. Kwa mwekundu, maganda hubaki ndani ya maji, kwa sababu rangi yote imo kwenye ganda. Pasua zabibu nyekundu ya Makutupora utaona nyama yake ina rangi ya maji tu. Hamira hutiwa, au ile ya asili iliyo kwenye maganda huachwa ifanye kazi, na sukari huanza kugeuka kilevi na hewa. Tangi hutoa sauti. Niliweka sikio kwenye ukuta wa tangi moja nikasikia kitu kama mvua ya mbali juu ya bati. Ndani, maganda hupanda juu yakafanya kifuniko kizito, na mara kadhaa kwa siku mfanyakazi huyasukuma chini au huyamwagia maji yale yale kwa pampu, ili rangi iendelee kutoka na joto lisiue hamira.

Uchachukaji wa mwekundu ukimalizika, maganda hukamuliwa. Kinachobaki huitwa makapi. Kimiminika huachwa kitulie, mashapo yakazama, kisha huhamishwa kwenye tangi jingine, mashapo yakaachwa nyuma. Kazi hiyo hurudiwa. Mwisho ni kuchuja, kukomaza, kwa baadhi ndani ya mapipa ya mwaloni, na kujaza chupa. Ponda, tenganisha, tuliza, acha uchafu nyuma: kazi ileile ya kwenye mialo yetu. Tofauti iko kwenye kiasi. Tani moja ya jiwe zuri la dhahabu hutoa gramu chache. Tani moja ya zabibu hutoa kama lita 600 hadi 700 za mvinyo.

Dodoma wana neno lao ambalo mgeni anapaswa kulijua: mchuzi. Mchuzi wa zabibu ni kile kimiminika ambacho wasindikaji wadogo hukamua, hukihifadhi kwenye matangi na kukiuza kwa viwanda vikubwa. Umuhimu wake unaonekana siku wanunuzi wanapokosekana. Dhahabu unaweza kuifunga kwenye kitambaa ukaiweka chini ya kitanda miaka 10, ukaikuta vilevile. Zabibu iliyoiva haisubiri hata wiki. Wakulima wa Dodoma wamewahi kutazama mavuno mazuri yakiozea shambani kwa kukosa soko, na hilo linauma kulisikia kutoka kwa mtu aliyepogolea, akapiga dawa na akamwagilia kwa miezi minne. Tangi la mchuzi humnunulia muda.

Kinara wa hatari: hewa isiyoonekana

Lita moja ya maji ya zabibu ikichachuka hutoa zaidi ya lita 40 za hewa ya kabonidioksidi. Hewa hiyo ni nzito kuliko ile tunayoivuta, kwa hiyo hujikusanya chini: sakafuni, ndani ya tangi tupu, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Haina rangi wala harufu ya kumtisha mtu. Katika nchi zenye viwanda vikongwe watengeneza mvinyo wamekufa kwa kuingia tangini kusafisha, na mwenzao aliyeruka kuwaokoa naye akaanguka juu yao.

Msomaji wa Geita hahitaji kuelezwa zaidi. Tunawajua walioteremka duarani kukiwa na hewa chafu na hawakupanda. Kanuni ni moja mahali pote pawili: peleka upepo kwanza, usiingie peke yako, na usimfuate aliyeanguka bila kamba na hewa ya kupumulia. Nilifurahi kuona milango na madirisha ya chumba cha matangi yakiwa wazi usiku na mchana wakati wa mavuno.

Wakongwe wa dunia

Ushahidi wa zamani zaidi wa mvinyo wa zabibu uliothibitishwa kikemia umetoka Georgia, nchi iliyoko milima ya Kaukasi. Mwaka 2017 watafiti walitangaza mabaki ya mvinyo kwenye vipande vya mitungi yenye umri wa miaka 8,000 hivi. Wageorgia bado huchachusha mvinyo ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini, na mwaka 2013 UNESCO iliutambua utaratibu huo kuwa urithi wa ubinadamu. Bibi zetu waliochachusha pombe ya mtama kwenye mitungi wangeielewa kazi ile bila mkalimani.

Kiwanda kikongwe zaidi kilichofukuliwa kiko Armenia, ndani ya pango la Areni: sakafu ya kukanyagia zabibu, chombo cha udongo cha kupokea maji yake, na mbegu zilizokauka, vyote vya takriban miaka 6,100 iliyopita.

Na mzabibu mzee kuliko yote unaozaa hadi leo uko Maribor, Slovenia. Umeegemea ukuta wa nyumba mjini, umri wake unapita miaka 400, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimeutambua. Ulikuwapo kabla Wajerumani hawajafika Sekenke, na bado unavunwa.

Ghali kupindukia

Mwezi Oktoba 2018, mnada wa Sotheby's jijini New York uliuza chupa moja ya Romanée-Conti ya mwaka 1945 kwa dola 558,000 za Marekani. Shamba la Romanée-Conti, lililoko Burgundy nchini Ufaransa, lina ukubwa wa hekta 1.8 tu, mashamba 80 kama hilo yangeenea ndani ya chanzo cha almasi cha Mwadui. Mwaka ule zilitoka chupa 600 tu, na baada ya mavuno mizabibu ile ikang'olewa na kupandwa upya.

Sisi nasi tuna la kujibu. Mwezi Oktoba 2022, huko Hong Kong, almasi ya waridi ya karati 11.15 iitwayo Williamson Pink Star, iliyokatwa kutoka jiwe la Mwadui, iliuzwa kwa dola milioni 57.7. Iliweka rekodi ya dunia ya bei kwa karati moja katika mnada. Ila bei zote mbili hizo zilikwenda mbali sana na mikono iliyochimba na iliyovuna, na hilo ndilo jambo la kulikumbuka tunapozishangilia.

Mkubwa, wa juu, na wa Afrika

Pipa la mvinyo lenye sifa kubwa duniani liko ndani ya ngome ya Heidelberg, Ujerumani. Lilijengwa mwaka 1751 kwa mbao za mialoni 130, na uwezo wake ni lita 220,000 hivi. Shamba la juu kabisa lililotambuliwa na Guinness liko Tibet, mita 3,563 juu ya usawa wa bahari. Kwa wingi wa mvinyo, Italia na Ufaransa hupokezana nafasi ya kwanza.

Afrika inaongozwa na Afrika Kusini, ambako mvinyo wa kwanza ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Lakini kinara aliyesahaulika ni Algeria. Kabla ya uhuru wake mwaka 1962, ndiyo iliyokuwa ikiuza nje mvinyo mwingi kuliko nchi yoyote duniani, na karibu wote ulikwenda Ufaransa. Wakoloni walipoondoka, soko liliondoka nao. Ni somo kwa yeyote anayetegemea mnunuzi mmoja, awe wa zabibu au wa pamba.

Karibu zaidi na sisi, Naivasha nchini Kenya huvuna zabibu za mvinyo wa Leleshwa chini kidogo ya ikweta, zikipozwa na mwinuko wa Bonde la Ufa. Ethiopia ina mvinyo wa Awash tangu enzi za Haile Selassie, na mashamba mapya ya Ziwa Ziway yaliyoingiza chupa zao sokoni mwaka 2014.

Rekodi ambayo mgodi hauwezi kuishika

Niliporudi nilipita tena Sekenke, safari hii nikiwa macho. Kila kinara wetu wa Kanda ya Ziwa ana tarehe ya mwisho. Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia mwisho wa uhai wake mwaka 2021. Dhahabu haioti tena kwenye shimo ilikotolewa. Hilo si lawama kwa mchimbaji. Mgodi umesomesha watoto wengi, na mimi nina ndugu wanaokula kwa sururu.

Lakini ardhi yetu imeshatuonyesha kuwa inaweza kurudi. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa, hadi mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na wazee wakaurudisha ngitili, utaratibu wao wa kale wa kuzungushia malisho na kuyapumzisha. Miti ikarudi, na mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ukautunuku mradi ule Tuzo ya Ikweta. Nikiwatazama wakulima wa Dodoma, waliochukua udongo mkavu na jua kali na kuvifanya mtaji, naona ndugu wa wale wazee.

Ukitaka kuyaona haya mwenyewe, nenda Agosti au Septemba, wakati kreti zinaingia na matangi yanaunguruma. Nunua zabibu barabarani kwa akina mama, umpe mtoto wako ashike kishada. Omba ruhusa ya kuingia shambani asubuhi, na umwombe mwenyeji akate tawi moja. Kisha simama, usisogee, ungoje tone.